Kikapu Kitupu cha Siwema

Uliyaona yale malori. Usiseme hukuyaona. Yalipita mbele yako mchana kweupe, moja nyuma ya jingine, yamefunikwa maturubai ya kijani yaliyoandikwa UPENDO UNAODUMU, na kila lilipoingia kwenye shimo lilidondosha riboni. Wewe ukageuza shingo ukajifanya unasoma tangazo la sabuni. Tena uliokota riboni moja ukamfungia mtoto nywele. Haya. Kwa kuwa macho yako yalikuwa na shughuli, lete masikio.

Ipo nchi inaitwa Hidaya. Usiitafute kwenye ramani, maana ramani zake zote walipewa wageni kama kumbukumbu ya safari. Ni nchi ya watu wapole na wenye adabu. Kila mwaka, wiki chache kabla ya masika, huadhimishwa Siku ya Shukrani, na siku hiyo kila kaya humpelekea zawadi Mtukufu Mpokeaji, ambaye ndiye mkuu wa nchi, ili kumshukuru kwa kukubali kuzipokea zile za mwaka jana. Halazimishwi mtu. Asiyetoa huandikwa jina tu. Aliyeandikwa jina huulizwa maswali tu. Na aliyeulizwa maswali, mara nyingi, hurudi nyumbani.

Wenye kumbukumbu wanajua mambo yalivyoanza, ingawa kumbukumbu nayo iliwahi kuchangishwa na wengi wakatoa yote. Ulikuwa mwaka wa njaa ya mihogo michungu. Babu yake Mtukufu wa sasa alipita kwa miguu katika kijiji cha Kinyasi, ajuza mmoja akamhurumia akampa mayai mawili ya kuchemsha. Akala, akashukuru, akaenda zake. Yangeishia hapo. Mwaka uliofuata ikaja barua: Mtukufu anayakumbuka yale mayai. Mwaka wa tatu barua ikakumbuka mayai na kuku. Mwaka wa saba ikamkumbuka ng'ombe ambaye hakuwahi kuwapo. Ajuza alikuwa ameshakufa, basi akafungwa mwanawe kwa kosa la kumficha ng'ombe.

Zawadi zikaongezeka mpaka zikawa vilima nyuma ya Ikulu. Hakuna aliyekuwa akizifungua. Mtu mmoja ana mikono miwili tu, na mikono ya Mtukufu ilikuwa na kazi ya kupunga. Kisha wakaja wafadhili, wakavitazama vile vilima, wakaziba pua, wakasema: mazingira. Serikali ya Hidaya ni sikivu. Kabla wiki haijaisha iliundwa Wizara ya Zawadi Endelevu, ikapewa magari mapya arobaini ya kutazamia mazingira, na akateuliwa Waziri, Mheshimiwa Daktari Tundulizi, mtu msomi ambaye udaktari wake pia alizawadiwa.

"Ndugu wananchi!" alisema Waziri siku ya kuapishwa, jasho likimtiririka ndani ya suti ya kijani. "Mnauliza zawadi endelevu ni zawadi gani? Ni zawadi isiyokata tamaa! Kikapu cha ukindu mwaka wa kumi kimeoza. Je, hayo ni mapenzi? Wataalamu wangu wananiambia plastiki hukaa miaka mia nne. Mia nne! Nani kati yenu amewahi kupendwa miaka mia nne?"

Watu wakatazamana. Kweli, hakuna aliyewahi. Wakapiga makofi.

Vile vilima vya nyuma ya Ikulu vikahitaji kuhamishiwa mahali ambapo wafadhili hawapiti. Wakatafuta kwenye orodha, wakaona Kinyasi.

*

Kinyasi ni bonde la mikindu. Ndani ya bonde hilo aliishi, na bado anaishi, mjane mmoja anaitwa Siwema Mbaruku, msukaji wa vikapu, mwanamke mwembamba mwenye vidole vyeusi kwa rangi ya kuchovyea ukindu. Alisuka mikoba, mikeka, vipepeo vya kupepea moto, na vile vikapu vya mfuniko ambavyo zamani hukuweza kwenda kuposa bila kimoja. Kikapu chake kilikuwa kikienda sokoni miaka kumi na tano, kikachoka, kikawekewa vitunguu, kikachoka tena, kikatagiwa na kuku, mwisho kikaliwa na mchwa na mahali pake pakaota mchicha. Hakuna aliyewahi kuuliza kikapu cha Siwema kinatupwa wapi.

Akina mama wa Kinyasi walikuwa na sheria yao. Haikuandikwa popote, kwa hiyo ilifuatwa. Ukikata kuti moja changa, acha mawili. Moyo wa mti usiguse. Mti uliokatwa mwaka huu, mwakani uuache upumue. Kwa sheria hiyo bonde liliwalisha bibi zao, likawasomesha watoto wao, na mikindu haikuwahi kuhesabika.

Sasa ilihesabika. Malori yalianza kumwaga upande wa juu, yakashuka, yakafunika kisima, yakafunika njia, na kila asubuhi Siwema alishuka na kisu chake kiunoni asikate chochote, anahesabu tu. Wiki ile hadithi hii inapoanza ilikuwa imebaki mikindu arobaini na mmoja, yote ukingoni mwa kijito. Mkindu haukatai maji, unakataa kuzikwa. Yale marundo yakifika kwenye kijito kabla ya masika, mvua itayasukuma yote juu ya mizizi, na hapo Kinyasi hapatakuwa na ukindu tena, na bila ukindu hapatakuwa na Kinyasi.

"Hata hivyo zawadi zenyewe nzuri," alisema Mwajabu, jirani yake, siku moja wakiwa wamesimama juu ya rundo. Mwajabu ni mwanamke mnene mwenye ulimi usiopumzika. Aliinua boksi akalipangusa. "Hebu tazama. Si ile seti ya vikombe tuliyochangia mtaa mzima mwaka juzi? Ile tuliyokaa siku tatu tunakula uji mtupu? Haijafunguliwa! Hata selotepu haijabanduliwa!"

"Weka chini, Mwajabu. Ni mali ya Mtukufu."

"Mali ya Mtukufu imekuja kwangu kwa miguu yake. Nitainywea chai."

Alifungua. Vikombe vyote vilikuwa vimevunjika.

Siwema hakucheka. Alikuwa akiutazama mkindu mmoja uliochungulia kutoka kwenye nailoni kama mtu aliyefunikwa shuka ilhali hajafa.

"Nitakwenda kuomba," alisema.

"Kuomba nini?"

"Bonde."

Ilikuwa desturi katika Hidaya kwamba siku ya Shukrani, mtoaji wa zawadi iliyopendeza kuliko zote huruhusiwa kumwomba Mtukufu jambo moja. Mwaka mmoja mshindi aliomba kupigwa picha. Mwaka mwingine mshindi aliomba aruhusiwe kutoa zaidi.

"Wewe?" Mwajabu alishika kiuno. "Wewe uende mbele ya Mtukufu na hizo kandambili?"

"Nitaazima viatu."

"Vyangu usivitazame, shoga yangu. Vina harusi Jumamosi."

Lakini Jumamosi ilipofika, Mwajabu alimletea viatu, na vitambaa viwili vya kujazia vidoleni, maana vilikuwa vikubwa.

*

Usidhani mtu anaamka tu Hidaya akatoa zawadi. Zawadi iliyotengenezwa nyumbani haitambuliki kisheria, inaitwa magendo ya mapenzi na ina kifungo chake. Zawadi lazima inunuliwe Duka la Taifa, iwe na risiti, na iwe na stika ya kijani ya kuthibitisha kwamba ni rafiki wa mazingira. Siwema alikuwa amemaliza kusuka kikapu ambacho hakuwahi kusuka kizuri kama hicho, cha mistari mitatu, mwekundu, mweusi na rangi yenyewe ya ukindu, na mfuniko unaokaa bila kulazimishwa. Akakifunga kwenye kanga, akaenda dukani kuuliza utaratibu.

Duka la Taifa lilikuwa limepakwa kijani nje na ndani, mpaka dari. Mwuzaji alikuwa binti mwenye kucha za kijani za sare.

"Shikamoo, mama. Karibu. Tuna seti ya Mapenzi, seti ya Utii, na seti ya Utii Zaidi."

"Marahaba, mwanangu." Siwema alikuwa ameona rafu nzima ya vikapu. Kwa mbali vilikuwa vya ukindu kabisa, vina hata mistari. Alipokishika kimoja kikalia kama chupa tupu. Kila kimoja kilikuwa na stika ya kijani: KIKAPU CHA ASILI. "Hiki amekisuka nani?"

"Amekisuka?" Binti alifikiri. "Hiki kimetoka kwenye kontena."

"Na kabla ya kontena?"

"Mama, kabla ya kontena hakuna kitu."

"Mkono ukikatika, wanashona wapi?"

"Hakishonwi. Unanunua kingine."

"Na hiki cha kwanza?"

"Kinatupwa."

"Kinatupwa wapi?"

Binti akacheka mpaka akajiinamia. "Jamani, mama huyu! Unanunua zawadi au umekuja kuposa? Maswali gani haya, kama mshenga!"

"Anayeposa anauliza ukoo, mwanangu, kwa sababu anakileta kitu ndani ya nyumba. Hata mimi nauliza. Kinatupwa wapi?"

"Huko," binti alisema, na ukucha wake wa kijani ukanyooka, bila yeye kujua, kuelekea Kinyasi moja kwa moja.

Hakuna sheria ya Hidaya isiyo na uchochoro, na binti yule, aliyekuwa na moyo mzuri chini ya sare, alimwonyesha wa kwake. Siwema alizunguka mlango wa nyuma akaliuzia Duka la Taifa kikapu chake kwa bei ya fungu la mchicha. Kisha akazunguka tena mlango wa mbele akakinunua kwa bei ya mbuzi. Mbuzi ilibidi auzwe kwanza. Sasa kilikuwa zawadi halali. Kilibaki kupata stika.

*

Mkaguzi wa Zawadi wa wilaya ile alikuwa Bwana Festo Mapande. Usimchukie haraka. Festo ni mzaliwa wa Kinyasi, mtoto wa marehemu Bi Havijawa, yule yule aliyemfundisha Siwema kusuka. Ada ya shule ya Festo, daftari zake, hata suruali aliyovaa siku ya usaili, vyote vilitoka kwenye ukindu. Siwema alimbeba mgongoni. Mpaka leo anamwita mama mdogo.

"Mama mdogo, shikamoo. Keti. Kikapu kizuri hiki, wallahi kinanikumbusha mama." Festo alifungua fomu ya kurasa kumi na moja. "Swali la kwanza. Je, zawadi hii ina plastiki?"

"Unaiona, Festo."

"Naiona, lakini fomu haina macho. Sema."

"Haina."

"Vizuri sana! Basi imefaulu." Akachukua stika ya kijani, akailamba, akaibandika kwenye kikapu. Ikadondoka. Akaibandika tena, akaikandamiza kwa kiganja, akahesabu mpaka thelathini. Ikadondoka. Akachukua nyingine.

"Nini?" Siwema aliuliza.

Festo alijikuna shingo. "Gundi yake, mama mdogo. Imetengenezwa kushika plastiki tu."

"Stika ya kuthibitisha kwamba kitu hakina plastiki."

"Ndiyo."

"Inashika plastiki tu."

"Mimi sikuitengeneza, mama mdogo. Mzabuni ni shemeji yake Waziri." Akafungua kabati akatoa bunda la nailoni ngumu inayong'aa. "Utaratibu upo. Tunakifunga mara moja kwa ajili ya stika, mara ya pili kulinda stika, mara ya tatu ili ionekane kina heshima."

"Festo. Nailoni hiyo itakwenda wapi baadaye?"

Bwana Mkaguzi alitazama dirishani. Dirisha lake lilikuwa na pazia.

"Kama hutaki, mama mdogo, naandika kwamba kikapu kimeshindwa. Na ukishindwa, huombi. Mimi nakusaidia."

Hapa ndipo hadithi hii inapouma, kwa hiyo usirukie chini. Siwema alijua. Hakudanganywa na mtu. Aliyatazama yale mabunda na akaliona rundo linaloshuka kwenye kijito, akaihesabu mikindu arobaini na mmoja kichwani, mmoja mmoja. Akajiambia: mara hii moja, kwa ajili ya bonde lenyewe. Kila lori lililowahi kuingia Kinyasi lilianza na mtu mwema aliyesema mara hii moja. Akashika ncha ya nailoni kwa mkono wake mwenyewe, Festo akazungusha.

*

Siku ya Shukrani uwanja ulijaa tangu alfajiri. Zawadi zilipangwa kwenye zulia jekundu, kila moja na msemaji wake. Chama cha Wenye Mabenki kilileta msitu wa hekta moja, miti yote ya plastiki, na msemaji akaeleza kwamba msitu huo hauhitaji maji, haudondoshi majani na unakunjika. Mkoa wa Kaskazini ulileta jenereta iliyopakwa rangi ya mgomba. Kijiji kimoja cha mbali kilileta mche hai wa mwarobaini, ukadondosha jani kwenye zulia, ukaondolewa na askari wawili.

Siwema alisimama mwisho kabisa, kwenye viatu vya Mwajabu. Alishinda kwa sababu ambayo hakuna aliyeitegemea. Bibi mmoja wa wafadhili, mgeni rasmi, alipita akachungulia ndani ya nailoni tabaka tatu, akaona ukindu, akapiga makofi. Waziri alipoona mgeni anapiga makofi akapiga yeye. Uwanja ulipoona Waziri anapiga, ukalipuka.

"Omba kitu kidogo," Waziri alimnong'oneza njiani kuelekea jukwaani, meno yote nje kwa ajili ya kamera. "Omba picha. Wengine waliomba picha, mpaka leo wanaishi."

Mtukufu Mpokeaji alikuwa mzee mnene mwenye macho ya mtu aliyeamshwa. Siwema alipiga magoti. Maneno aliyoyapanga siku tisa yalikuwapo yote mdomoni: malori, kisima, kijito, mikindu arobaini na mmoja. Lakini Siwema ni mtu aliyelelewa. Bi Havijawa alimfundisha kwamba mkubwa haambiwi kosa lake mbele za watu. Mkubwa hudokezwa, naye, kwa kuwa ni mkubwa, huelewa. Akayameza yale ya siku tisa, akatafuta ya heshima.

"Mtukufu, kikapu hiki nimekileta kitupu. Si kwa dharau. Kwetu Kinyasi jirani akikuletea chombo, chombo hakirudi kitupu. Mimi sitaki picha. Naomba kikapu changu kirudi Kinyasi, kirudi na kile kinachowafaa watu wa Kinyasi. Nawe mwenyewe unajua ni kitu gani."

Kwa mtu yeyote aliyekula kwa jirani, hayo yalikuwa matusi yaliyovikwa hariri. Yalisema: umetuletea uchafu, turudishie bonde letu. Kule Kinyasi, akina mama waliokuwa wamezunguka redio ya Mwajabu walielewa pale pale, wakapiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka.

Mtukufu aliinama kwa Waziri. "Anataka nini huyu?"

"Anataka zawadi, Mtukufu."

Na hapo, mbele ya uwanja mzima, machozi yakamtoka mzee yule. Ya kweli, hakuna aliyewahi kusema yalikuwa ya uongo. "Wananchi wangu!" alisema, sauti ikitetemeka. "Miaka yote hii nimepokea. Sikurudisha hata kijiko! Imebidi mama huyu maskini anifundishe adabu. Natamka leo: chombo hakitarudi kitupu! Zawadi zote, za mikoa yote, za mwaka huu na za miaka yote iliyopita, zirudishwe Kinyasi! Zote!"

Siwema alifungua mdomo. Bendi ikaanza kupiga.

*

Malori yaliyokuwa kumi kwa wiki yakawa thelathini kwa siku. Utekelezaji wa aina hiyo haujawahi kuonekana Hidaya. Barabara ya kwenda zahanati imesubiri miaka kumi na tisa, ila ya malori ilichongwa kwa siku mbili. Waziri alikuja kuweka jiwe la msingi, ingawa hapakuwa na msingi, palikuwa na rundo tu. Alifunua bango: KITUO CHA TAIFA CHA MAREJESHO YA UPENDO, SIWEMA MBARUKU. Jina la mtu mzima, juu ya jalala, kwa herufi za kijani. Gazeti la serikali liliandika kwamba mjane wa Kinyasi ndiye mwanamke aliyezawadiwa kuliko wote duniani.

Hata kikapu chenyewe kilirudi, kwenye lori la nne, ndani ya nailoni zake tatu. Ndani yake mlikuwa na picha ya Mtukufu.

Mikindu ikawa ishirini na sita. Ikawa kumi na tisa.

Kisimani, ambapo hapakuwa tena na kisima, wanawake waliacha kumsalimu. Mmoja, ambaye Siwema alimzalisha mara mbili, alimpita akasema hewani, "Wengine wameomba bonde, wakatuletea kaburi."

Ni Mwajabu peke yake aliyekuja kukaa naye barazani.

"Nilidhani ataelewa," Siwema alisema.

"Ameelewa, shoga yangu. Wakubwa hawana shida ya kuelewa. Wanaelewa kile kinachowafaa."

"Ningesemaje? Nimtukane mzee wa watu mbele ya wageni?"

"Ungesema, acheni kumwaga takataka. Maneno matatu. Hayo hata kwa kandambili yanasemeka." Mwajabu alimshika goti. "Lakini usijile peke yako. Sisi tuliozunguka redio si tulipiga vigelegele? Tulikusifu kwa kufumba. Watu wa nchi hii tumefumba maneno mpaka tumefumbwa sisi."

Siwema aliingia ndani akatoka na mkeka mpya, ule aliokuwa anautunza kwa ajili ya maiti yake mwenyewe, na shupatu ya ukindu aliyokuwa hajamaliza kuisuka. Akashuka navyo mpaka barabara mpya ya malori, pale inapobana kati ya mwamba na kijito. Akatandika mkeka katikati. Akaketi, akaanza kusuka.

Lori la kwanza lilisimama hatua tatu kutoka kwake. Dereva alichungulia.

"Mama, toka. Mimi nina ratiba."

"Acheni kumwaga takataka," Siwema alisema. Sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyotarajia. Akarudia.

"Hii si takataka, ni zawadi!"

"Imefunguliwa na nani?"

Dereva akazima injini. Mpaka jioni kulikuwa na malori tisa nyuma yake, yakipiga honi. Wakaja polisi wawili, mmoja akainama na daftari. "Mama, tuambie tu ukweli. Nani yuko nyuma yako?"

Siwema aligeuka kutazama. "Mwajabu," alisema. Na kweli Mwajabu alikuwa anateremka na chungu cha uji, anahema. Nyuma ya Mwajabu alikuwa yule aliyesema maneno hewani. Alikuwa na mkeka wake.

Siku ya pili walikuwa watano. Siku ya tatu, saba. Siku hiyo alikuja Festo, bila gari la Wizara, kwa miguu, viatu vimejaa vumbi la kwao. Alisimama pembeni akitazama vidole vya wale wanawake vinavyokwenda.

"Mama mdogo, nimeletewa karatasi. Ukitia sahihi kwamba umepokea zawadi zote kwa furaha, utalipwa mbuzi wako."

"Na nisipotia?"

Festo alichuchumaa kana kwamba anafunga kamba ya kiatu. Viatu vyake havikuwa na kamba. "Ijumaa asubuhi wanaleta tingatinga," alisema kwa sauti ya chini. "Wamesema barabara ya serikali itasafishwa na kila kilicho juu yake. Mimi sijasema kitu. Hukusikia kwangu."

"Nimesikia kwako, Festo. Kaa."

Hakukaa. Hakuondoka pia. Alibaki amesimama juani, na mpaka sasa hakuna anayejua kama yuko zamu au yuko msibani.

*

Leo ni Jumatano.

Wako saba kwenye mikeka. Malori yamefika arobaini, yamepanga mstari mpaka daraja la reli. Mikindu iliyo hai ni kumi na tisa, kwa kuwa tangu Siwema aketi pale haujazikwa hata mmoja. Upande wa mashariki mawingu yameanza kujikusanya, na Ijumaa haijawahi kuchelewa kwa sababu ya mtu yeyote.

Na wewe uko wapi? Tusifiche, maana tumeshaona kufumba kunatufikisha wapi. Uko dukani. Umeshika boksi lenye dirisha la plastiki, la kumpelekea mtu usiyempenda, atakayelipeleka kwa mtu asiyempenda, mpaka lifike kwenye lori. Unasema moyoni, ni hili moja tu. Unasema Hidaya haipo. Kama haipo, hilo lori lililoegeshwa nyuma ya duka linasubiri nini?

Liweke chini hilo boksi. Mwaka huu usitoe. Wakiandika jina lako, waandike, maana daftari lao lina kurasa chache kuliko majina yetu. Mwite aliye karibu nawe kwenye foleni, mwambie kwa maneno matatu, hata kama sauti itatoka ndogo. Kisha chukueni mikeka, sufuria, na watu wazima wenzenu wote wanaoweza kukaa chini. Barabara ni ile inayokata kulia baada ya daraja la reli. Saba hawalizuii tingatinga. Mia saba wanalizuia.

Inuka. Ijumaa ni keshokutwa.